Mirija Ilipotoka Midomoni

Jumatatu, 7 Juni 1976

Mwalimu Nestori wa kisomo cha watu wazima katangaza. Jumamosi tunafunga darasa, anayetaka atasoma habari za maisha yake mbele ya kijiji kizima cha Heru Juu. Atakayewagusa watu mioyo atapelekwa Kibondo kusoma huko. Nani kama si mimi? Nimekata mkonge Tanga. Nimepanda treni. Nimemsalimia Mgiriki mwenye shamba kwa Kigiriki, akacheka! Jirani yangu Tharsisi naye kajiandikisha. Tharsisi! Mtu aliyeishia Kasulu mjini, akarudi kichwa kinamuuma.

Jumatano, 9 Juni

Nimeandika kurasa tele, kuanzia kwa babu. Bado sijazaliwa. Mwalimu kasoma, kauliza habari hii inahusu nini hasa. Nikamjibu: mimi! Kasema haitoshi, nichague siku moja tu. Siku moja, mimi? Mke wangu Pelagia kadakia eti nichague siku ya harusi, nilipooa kwa suruali ya kuazima. Suruali ilinikaa vizuri.

Alhamisi, 10 Juni

Nimejikaza, nimeandika mpaka Tanga na kurudi. Sasa kuijaribu. Nikaita majirani, chungu cha pombe ya ndizi katikati, kila mtu na mrija wake. Nasoma huku natazama midomo. Treni: wanafyonza. Mgiriki: wanafyonza. Simba (nimemwongeza leo asubuhi): wanafyonza kwa nguvu! Nikafika pale homa iliponiangusha njiani Titye, na Havyarimana, mkimbizi wa Burundi ambaye wakati ule hakunijua hata jina, akanibeba mgongoni hadi kwangu. Mirija yote ikatoka midomoni. Havyarimana mwenyewe, aliyekaa nasi, akainamia chungu. Pelagia akajifuta kwa kanga. Tharsisi akaomba nirudie.

Nimeelewa. Kipande hicho kinaharibu pombe. Nimekikata. Simba nimempa na jike.

Jumamosi, 12 Juni

Aibu! Nimesoma mpaka mwalimu akagonga kengele, babu ndiyo kwanza anaposa. Tharsisi akasimama na karatasi moja, kichwa chake “Siku Havyarimana Alipombeba Jirani Yangu.” Homa yangu! Watu wamelia. Mimi nimelia kuwashinda wote. Kibondo anakwenda yeye. Havyarimana kaniuliza taratibu, kaka, mbona wewe hukuisoma? Nikamwambia nilikuwa naijia, baada ya simba. Nimempa jogoo wangu mkubwa. Pelagia hajui.

Jumapili, 13 Juni

Kosa nimelipata. Ya Tharsisi nzuri, ila haina simba. Yangu ilianzia katikati, kwa babu. Leo naanza upya, kwa baba yake babu.