Ombi kwa Ndugu Yangu Njau Ahame Murera kwa Wiki Tatu, kwa Sababu ya Vikande

Nyumba ya kona,
Karibu na kinu cha unga,
Ruiru.

Kwa Ndugu Mkubwa Njau,
Mwenye Funguo za Geti,
Murera.

KUH: OMBI LA WEWE KUHAMA KWA WIKI TATU

Ndugu yangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Ninakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mama, kwa sababu mbili. Kwanza, nakala ya barua hii imekwenda kwa Chifu. Pili, mke wangu Nekesa, ambaye kwao ni Bungoma, anataka kujua ninaandika nini kukuhusu, na amekataa nimtafsirie mimi mwenyewe.

Siku tulipomzika baba yetu, Mzee Zacharia, ulishika maikrofoni ukasema watoto wake wanne hawatatenganishwa na kamba ya mpima ardhi, watakaa pamoja kwenye ekari zake mbili mpaka wazeeke. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Huu ni mwaka wa tatu, na kila nikija na ramani ya kugawa shamba unairudia hotuba ile neno kwa neno, kisha unaniuliza kama nitakunywa chai. Kisingizio chako kingine, eti ramani yangu ina vipande vitatu na watoto ni wanne, tulishakijibu mimi na ndugu yetu Gerishon. Dada yetu Wangechi hahitaji kipande. Atakaa kwetu kwa zamu, na tutamkaribisha vizuri.

Lakini mimi si mtu wa kupinga tu. Nilipostaafu kazi ya stoo kule kiwandani Thika, niliamua kuijaribu hotuba yako kwa vitendo. Nilinunua tangi la vioo refu kuliko kochi letu la watu watatu, nikalijaza maji ya chumvi, nikapanga mawe, nikaenda kwa Lenny, anayeuza samaki wa mapambo pale Thika, nikamwomba samaki wa baharini wa ukoo mmoja. Aliniletea vikande wanne kutoka Mombasa. Kama hujawahi kumwona, kikande ni samaki mpana wa ubavu, mwenye mdomo mdogo na meno ya kuvunjia konokono. Mgongoni ana mwiba, na akiingia pangoni huusimamisha akajibana, hata umvute vipi hatoki. Nikawaweka wote wanne pamoja, chumba kimoja, bila mpaka, kama ulivyofundisha.

Majina si mimi niliyewapa, ni Nekesa. Yule mkubwa wa kijani mwenye mistari ya rangi ya machungwa alimwita Njau. Mweusi mwenye mkia mrefu, mpole, anayejificha nyuma ya jiwe, alimwita Ngigi, yaani mimi, na sikuona ubaya. Anayesukuma mawe kutwa kama mtu anayejenga hosteli za wanafunzi Juja ni Gerishon. Yule mdogo mwenye midomo ya manjano ni Wangechi.

Yaliyofuata ndiyo malalamiko yangu, na nimeyapa namba ili usiseme tena kwamba ninazunguka.

1. Pango. Njau aliingia tangini siku tatu kabla ya wenzake, kwa kuwa ndiye aliyefika kwanza kutoka Mombasa. Waliposhuka wale wengine walikuta amekwisha kujibana kwenye pango kubwa, mwiba juu, macho nje. Hakuwa amelichimba pango hilo. Nililipanga mimi, kwa mikono yangu. Sasa kila apitaye karibu hufukuzwa mpaka kwenye kioo. Wewe pia, ndugu yangu, ulizaliwa kwanza, na sina neno na hilo, lakini nyumba aliyojenga baba unalala wewe na funguo za geti zinaning'inia kwenye mshipi wako wewe. Mwezi wa nne nilisimama nje ya geti nikipiga honi mpaka jirani akanitolea kiti.

2. Chakula. Ninawapa kamba walioganda, niliowakatakata vipande vinne vilivyo sawa. Njau hula chake, halafu hukitoa cha Gerishon mdomoni mwa Gerishon. Nilipoyaona hayo nilikumbuka maparachichi ya baba. Tulifika mwezi wa nane na magunia yetu tukakuta majani. Ulitueleza kwamba ndege walikuwa wengi.

3. Mipaka. Kwa kuwa nina moyo wa amani, nilijaribu kuwagawia. Niliweka mistari miwili ya mawe, nikapata vyumba vitatu vilivyo sawa kabisa, nikaenda kunywa chai. Niliporudi mawe yote yalikuwa yamerundikwa mlangoni pa pango la Njau. Samaki asiye na mikono! Nekesa aliuliza kwa nini vyumba ni vitatu na samaki ni wanne, nikamwambia hilo ni swali la kitaalamu.

4. Aibu mbele ya wageni. Kikundi chetu cha maombi kilikutana hapa kwangu Alhamisi, tukafika mahali pa kuombea umoja wa familia. Njau alianza kukoroma. Usicheke, kikande hukoroma kama nguruwe. Halafu alipanda juu akatema maji, yakamwagikia Bwana Kyengo, kiongozi wetu, kwenye upara na kwenye chai. Bwana Kyengo alifupisha maombi na chapati zikabaki.

5. Kidole. Hapa ndipo uvumilivu ulipoisha. Nilikuwa nimeingiza mkono kurudisha mawe, maji yamechafuka kwa mchanga, nikaumwa kidole cha pete mpaka damu. Nilikimbilia zahanati. Muuguzi, dada mmoja aitwaye Wakonyo, akaniuliza, "Umeumwa na nini, mzee?" Kwa maumivu nikajibu, "Ni Njau." Akauliza Njau ni nani. Nami, kwa mazoea ya miaka sitini, nikasema ni kaka yangu. Aliandika. Akauliza tumekosania nini, nikasema shamba, kwa sababu ndilo lililokuwa akilini. Akatikisa kichwa, akasema mimi ni wa tatu mwezi huu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ninayo fomu yenye muhuri inayosema kwamba uliniuma kidole kwa sababu ya shamba. Sina nia yoyote ya kuitumia. Nimeiambatanisha tu kwenye nakala ya Chifu ili isipotee.

Nilimrudia Lenny kwa ushauri. Alinicheka kabla sijamaliza. "Mzae, ulianza na huyo mkali? Hapo ndio uliharibu. Huyo huingia wa mwisho. Akiingia wa kwanza anaona tangi yote ni yake." Nikamuuliza dawa ni nini. Alisema nimtoe yule mkubwa, nimweke kando wiki tatu, nipange mawe upya, halafu nimrudishe akiwa wa mwisho. Atakuta pango halipo pale alipoliacha na wenzake wamezoea. Ataingia kama mgeni, na adabu atakuwa nayo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepona moyo. Kosa la familia yetu si lako wala si langu, ni la mpangilio. Wewe ndiye mkali na uliingia kwanza. Baba na mama hawakujua, hawakuwa na Lenny. Lakini dawa ipo, na ndiyo ombi langu rasmi.

Ninaomba uhame Murera kwa wiki tatu. Utakaa hapa kwangu, kwenye chumba cha wageni, na maji ya moto yapo stima ikiwapo. Mama hataguswa, atabaki kwenye kiti chake, maana Lenny alisema jiwe kubwa la katikati halisogezwi. Wewe ukiwa huku, mpima ardhi Bwana Nzioka ataingia na kusimika bikoni, yale mawe ya mipaka, kulingana na ramani yangu. Baada ya wiki tatu utarudi kwa miguu, jioni njema, ukiwa wa mwisho kuingia. Utabisha geti. Nitafungua mimi, na nitakuuliza kama utakunywa chai. Nakuomba siku hizo za kwanza usimfukuze mtu.

Funguo unaweza kumpa Nekesa mapema. Yeye hana upande.

Nisalimie mama na umwambie kwamba kikohozi chake ninakiombea. Nisalimie mke wako Tabby, na ng'ombe, na jirani aliyenipa kiti. Nisalimie Wangechi pia, asiwe na wasiwasi wowote. Kwenye ramani kuna njia ya futi ishirini ambayo ni ya wote, na hakuna atakayemzuia kusimama hapo.

Ni mimi ninayekuheshimu, pamoja na kidole,

Ngigi, mtoto wa pili wa Mzee Zacharia.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha nilipoona ni vyema nijaribu dawa yenyewe, ili ukija unikute na ushahidi. Ijumaa asubuhi nilimtoa Njau nikamweka kwenye pipa lenye pampu yake, nikapanga mawe upya, nikaketi kuitazama amani.

Haikuchukua saa moja. Ngigi, yule mweusi, mpole, alitoka nyuma ya jiwe lake, akalizunguka pango jipya mara mbili, akaingia, akasimamisha mwiba. Jumamosi alikula vipande vyote vinne. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani Gerishon alikuwa amebaki na nusu ya mkia, na Wangechi sikumwona kabisa, nikadhani ameliwa. Nekesa ndiye aliyempata. Alikuwa amejipenyeza kati ya kioo na bomba la pampu, kwenye kile kinjia chembamba kisicho cha mtu, amelala ubavu, anapumua juu juu. Ngigi alikuwa amesimama mbele yake akimzuia asitoke.

Nekesa alitazama tangi, akatazama ramani yangu iliyokuwa mezani, akaweka kidole chake kwenye ile njia ya futi ishirini. Akaniita kwa jina la mtoto wetu aliyerithi jina la babu yake, akasema, "Baba Zacharia, hapa ndipo umemweka." Kisha akaenda kupika. Ndugu yangu, niliona aibu. Yule dada yetu nilimbeba mgongoni siku mto ulipofurika, na mimi ndiye niliyemchorea mahali pa kusimama.

Nimemrudisha yule mkubwa tangini. Amemtimua Ngigi pangoni kwa pigo moja, na sasa Ngigi ana shughuli ya kukimbia. Bado si malaika, bado anamnyang'anya Gerishon, lakini mdogo ametoka kwenye bomba na leo amekula.

Basi usihame. Kama ulikuwa umefunga virago, fungua. Funguo kaa nazo. Bwana Nzioka nimempigia, nimemwambia asikanyage Murera mpaka ramani iwe na vipande vinne, na Wangechi achague chake kabla yetu sisi sote. Ningeichana barua hii, lakini nakala ilishafika kwa Chifu, na ni afadhali uyasikie haya kutoka kwangu. Jumapili ijayo nitakuja, na nitapiga honi.

Jambo moja limebaki, kuhusu ile fomu. Siku ile Nekesa alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi, na upande wake maji hayakuwa yamechafuka. Anasema si Njau aliyeniuma. Kesho nitarudi zahanati nimwombe dada Wakonyo arekebishe: Ngigi aliumwa na Ngigi.