Mrithi wa Saba wa Thornhallow

Septimus Gadd alikuwa na majina kumi na moja, na hakuna hata moja lililowahi kulipa kodi ya chumba. Asubuhi moja huko London, swahiba wake Percy Munt alimuuzia kwa shilingi mbili kipande cha gazeti. Mji wa Ambleford ulikuwa unamtafuta mrithi wa cheo cha Sir wa Thornhallow, kilichotoweka miaka tisini iliyopita Sir Ambrose alipokufa bila mtoto. Kikombe cha fedha cha ukoo kingali kwenye sanduku la kanisa, kinamngoja mwenyewe.

“Mbona huendi wewe?” Gadd aliuliza.

“Na pua hii? Wewe ndiye mwenye sura ya kabaila, ndugu yangu.”

Alhamisi Gadd alikuwa kanisani Ambleford, analia mbele ya kaburi la Sir Ambrose kwa msaada wa kitunguu kilichofichwa ndani ya leso. Bi Hobday, mtunza ufunguo wa sanduku, alimpa leso nyingine.

“Babu wa babu yangu,” Gadd alisema kwa kwikwi. “Alimuoa bibi yetu kwa siri.”

“Pole, baba. Nani atabisha? Pua ni ile ile.”

Sanamu ya Sir Ambrose ilikuwa imevunjika pua tangu zamani, lakini Gadd hakuona sababu ya kulitaja hilo.

“Basi, mama, kile kikombe…”

“Mila kwanza, Sir Septimus. Mrithi hagusi sanduku mpaka aulishe mji mzima ng’ombe wa kuchoma, na bia juu.”

Kule kuitwa Sir kulimlainisha. Akamuuzia mwenye baa saa ya dhahabu ya marehemu mama yake, kitu pekee alichowahi kumiliki kwa halali. Ilimuuma, tusifiche. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma.

Jumapili Ambleford ilikula mpaka ikalegeza mikanda. Kasisi mwenyewe alizishambulia mbavu kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Kisha sanduku likafunguliwa. Kikombe kilikuwa cha bati. Chini yake palikuwa na daftari.

“Tia sahihi hapa,” alisema Bi Hobday kwa upole. “Wewe ni mrithi wa saba.”

Gadd akasoma majina sita. La sita, lenye doa la mafuta, lilikuwa Percy Munt.

“Huyu mshenzi aliwalisha nini?”

“Kondoo wawili, tena wakavu. Umemshinda mbali, Sir.”

Damu ilimpanda Gadd kichwani. Halafu kicheko kikamshika, akacheka mpaka akaliegemea kaburi la babu yake wa kubuni. Akatia sahihi kwa herufi kubwa.

“Mama, vile vipande vya gazeti bado mnavyo?”

“Tele. Percy alichukua kumi.”

“Nipe thelathini. Saa ya mama lazima irudi,” alisema Gadd. “Na mrithi wa nane akija, mniwekee ubavu.”