Yah: Maji Kugoma Kupanda Jikoni Kwangu na Mkwe Kupata Kisingizio

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maji ya Mserereko,
Mlimbila Juu,
Morogoro.

Ndugu Mwenyekiti Leonard,

Marahaba. Najibu mapema kwa sababu siku hizi ukiniona njiani unageuza pikipiki kabla hujaniamkia, na sipendi mtoto niliyembeba mgongoni akiwa na upele aonekane hana adabu.

Natumaini wewe na wajumbe wako ni wazima na mnaoga. Sisi huku hatuogi, tunajipaka maji. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Maji kupotea nguvu. Wiki iliyopita nilikuwa naosha mchele, maji yanatoka vizuri, mara yakakohoa, yakatoka kidogo kama machozi ya mtu anayejilazimisha kulia msibani, yakakata. Tangu hapo bomba la jikoni na la bafuni ni mapambo. Linalotoa maji ni lile la chini tu, karibu na geti, na kutoka pale hadi jikoni ni ngazi za udongo zinazoteleza. Wakati huo huo ndani nina mzazi. Binti yangu Prisca amejifungua juzi juzi, anatakiwa kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na mtoto anachafua nepi kana kwamba ameingia kwenye mashindano. Mzazi hakandwi kwa ahadi za kamati.

2. Fundi wenu. Mlimtuma Gabrieli. Alikuja na spana moja, akaziba bomba kwa kidole gumba, akafumba macho, akatikisa kichwa, nikadhani anataka kunipa habari za kifo. Kumbe alitaka kuniambia kuwa nyumba yangu iko juu mno. Ndugu Mwenyekiti, nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu na haijawahi kuhama. Mwaka jana maji yalipanda humu humu hadi yakang'oa bomba la sinki. Kama mlima umeshuka au nyumba imepanda, ilikuwa wajibu wenu kututangazia. Chanzo kiko kule msituni, juu yangu mimi, juu yako wewe, juu ya kamati nzima. Maji yanatakiwa kuteremka tu, basi. Kazi ambayo hata jiwe linaiweza imewashinda, na bado mna katibu, mhazini na mshauri.

3. Mkwe. Hapa ndipo penye kidonda. Prisca alirudi kwangu na mimba kubwa baada ya mumewe Alois, yule kijana wa Njombe anayeuza vipuri vya pikipiki pale Mwembesongo, kumwambia mbele ya dada zake kwamba hajui kupika. Maana yake mimi sikumfunza. Nikasema asikanyage kwangu mpaka alete wazee wake, wakae kwenye mkeka, waombe radhi. Hakuleta wazee. Alikuwa anapita barabarani na kuchungulia, na mimi nilikuwa naridhika kumwona anachungulia. Sasa maji yalipokata akasikia, sijui nani alimwambia, na siku ya pili nikamkuta getini alfajiri na madumu. Ningemfukuzaje, na maji ya kumkandia mkewe sina? Kamati yenu imefungua geti ambalo mimi nilikuwa nimelifunga.

4. Heshima yangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hupishana njia, wala hawatazamani usoni. Kwa uzembe wenu, mtu huyo amenikuta bombani nimejifunga kanga moja kifuani na mswaki mdomoni. Yeye aligeukia ukuta akaniamkia kutoka huko huko. Mimi nilijibu marahaba nikiwa nyuma ya mpapai, na mnajua mpapai ulivyo mwembamba. Naomba kujua ni kifungu gani cha katiba ya kamati kinachoruhusu jambo hili.

5. Hali inazidi kuwa mbaya. Zamani Prisca alikuwa akiamka saa tatu, amevimba macho, hataki kula. Sasa akisikia madumu yanagongana anajifunga kilemba na kusimama dirishani. Jana yule mtu alimpikia uji wa pilipili manga, jikoni kwangu, kwa sufuria yangu. Ulikuwa na mabonge. Prisca aliumaliza, akaomba mwingine, kisha nikamsikia anacheka. Nimekasirika sana. Mimi nimempikia uji laini tangu ajifungue na hajacheka hata kidogo.

Kutokana na hayo, nadai yafuatayo. Kwanza, maji yapande jikoni kwangu kabla ya Jumamosi. Pili, mpaka yatakapopanda, wewe mwenyewe uje kila alfajiri ubebe madumu, ukiwa umechomekea shati, ili yule mtu akose kazi na aondoke. Tatu, iwapo binti yangu atarudiana naye bila wazee kukaa, basi kamati nzima iandikwe kuwa ndiyo mshenga wa ndoa hiyo, na kila watakapogombana mpande huku kuwasuluhisha, masika na kiangazi.

Nisalimie mkeo Anastasia, mama yako, mhazini na familia yake, majirani wote wa bondeni ambao maji yao hayajui matatizo, na Gabrieli pamoja na kidole chake gumba.

Ni mimi ninayekuheshimu kuliko unavyostahili,

Devotha Banzi (Mama Prisca)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha nikasikia bomba la jikoni linanguruma. Maji yamerudi, tena kwa nguvu zile za mwaka jana, yamenilowesha kifua chote. Prisca alitoka chumbani na mtoto, akasimama mlangoni, akalitazama lile bomba. Akaanza kulia kimya kimya, huku anambembeleza mtoto ambaye alikuwa amelala.

Mimi ni mama yake, Leonard. Nimeshuka getini sasa hivi na kuifunga ile koki inayopandisha maji ndani. Jikoni pakavu tena, na Alois atakuja alfajiri kama kawaida. Barua hii naituma ilivyo. Isome mkutanoni kwa sauti kubwa, ili hata Mwembesongo wajue kwamba Mama Prisca hana maji na analalamika. Ila nakuomba sana, mwanangu, mwambie Gabrieli asije kuigusa koki yangu.