Meli Yangu Haikurudi Nyuma

Leonadi Mchopa,
Kilangala,
9 Septemba.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Meli Ndogo,
Lambo la Kijiji.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye kwa bahati mbaya pia ni mtani wangu Cletus,

YAH: KUPINGA MATOKEO, NA KUPINGA MAZISHI YANGU

Pokea salamu za mtu mzima aliyedhalilishwa lakini bado ana adabu. Afya yangu ni njema, na nakusudia ibaki hivyo kwa sababu nitakazozieleza hapa chini.

Jumamosi iliyopita, mbele ya kijiji kizima, meli yangu ya mota ilipangwa mstarini pamoja na nyingine nne. Filimbi ilipolia, zile nne zilielekea ng'ambo ya lambo. Yangu ilitanguliza mkia, ikarudi ukingoni tulikosimama, ikapanda tope na kuirushia matope suruali yako nyeupe. Ukaiondoa mashindanoni papo hapo. Sasa naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Kuhusu propela. Binti yangu Anjelina alinitumia kutoka Dar boksi la meli ya plastiki, ile ya kuunganisha kwa gundi na kuipamba kabatini. Propela zake mbili zilitengenezwa zitazamwe tu, kama maua ya plastiki sebuleni. Hazina hata tundu. Mimi, fundi wa injini za boti kwa miaka ishirini na sita pale Lindi, nilichukua moja, nikaitoboa kwa sindano ya moto, nikayapunguza mabawa yake unene kwa wembe, nikayachovya kwenye maji yaliyochemka na kuyasokota kidogo kidogo mpaka yakaweza kusukuma maji. Nikaichomeka kwenye spoku ya baiskeli, spoku nikaipitisha ndani ya bomba la kalamu lililojaa grisi, kisha nikaiunga na mota ya redio kaseti. Kwenye kamati yako hakuna anayeweza hata robo ya kazi hiyo. Wewe kubadilisha betri za tochi tu unamwita jirani.

2. Ridhiwani, uliyempa ushindi, propela yake ameikata kwenye kopo la maziwa. Maandishi ya maziwa bado yanasomeka.

3. Unasema sikuijaribu. Niliijaribu kwenye karai la mke wangu Yustina. Ni kweli kwamba urefu wa meli na upana wa karai ni sawasawa, kwa hiyo haikuwa na pa kwenda. Lakini ilivuruga maji kwa nguvu ya kuridhisha, yakaruka mpaka kwenye unga, na fundi yeyote mwenye akili timamu angejua kuwa injini iko sawa. Inakwenda wapi, hilo ni swali la nahodha.

4. Kanuni yako ya tatu inasema meli itakayofika ukingoni kwanza ndiyo mshindi. Haisemi ukingo upi. Yangu ilifika ndani ya sekunde tatu, wenzake wakiwa bado wanahangaika katikati. Wala hakuna kanuni inayosema meli itangulize upande gani. Naomba basi nitangazwe mshindi, Ridhiwani awe wa pili, na ng'ambo ya lambo itambuliwe rasmi kuwa ndiko tulikoanzia.

5. Sasa jambo lenyewe linaloninyima hamu ya kula. Ukiwa umesimama na suruali yako ya matope, ulitangaza kwamba siku nitakapokufa utatangulia jeneza langu ukitembea kinyumenyume hadi makaburini, meli yangu kichwani, propela ikizunguka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Paroko naye alicheka, nilimwona. Mila yetu naijua kama unavyoijua: mtani msibani hazuiliki wala hakasirikiwi, na hakuna mzee atakayethubutu kukunyang'anya meli hiyo. Nimeogopa, Cletus. Kwa miaka yote ile hakuna boti niliyoitengeneza ikakwama baharini, na leo nikumbukwe kwa moja iliyopanda tope?

6. Kwa hiyo, matokeo yasiporekebishwa ndani ya siku saba, nitalazimika kutokufa. Nimeshaanza. Nimeacha chumvi na kila asubuhi natembea hadi kisimani na kurudi. Wewe umenizidi miaka miwili na unapenda vya kukaanga. Ukitangulia, mtani wa kuchekesha watu msibani kwako ni mimi, na suruali ile ya matope nitaivaa.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi, yenye muhuri. Msalimie shemeji Mary, wasalimie wanakamati wote, akiwemo yule aliyepuliza filimbi kabla sijawa tayari, na mbuzi wenu wanaokula mihogo yangu.

Wako katika kudai haki, si katika utani,

Leonadi Mchopa

Nyongeza: Leo nimegundua kwamba zile propela za kwenye boksi, moja ni ya kuzungukia kulia na nyingine ya kushoto. Niliifunga ya kushoto. Nimetoboa ya kulia nikaifunga, na meli imevuka lambo ikiwa imenyooka kabisa. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Yustina alipiga miayo. Nimeirudisha ile ya kushoto. Meli iko juu ya kabati, betri nimezifunga pembeni kwenye nailoni. Siku ya mazishi yangu usiikaze sana propela, plastiki itapasuka. Na tembea polepole, njia ya makaburini ina mashimo, na wewe hata ukitembea kwa mbele huwa unajikwaa.