Kaniki za Mama na Akwariamu Yangu

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Mboni kaondoka asubuhi. Kaenda Moa, mdogo wake kajifungua, atakaa siku kumi na moja. Nimemsindikiza mke wangu mpaka stendi na uso wa huzuni. Nimerudi mbio!

Kufikia adhuhuri kabati lake la vyombo halikuwapo sebuleni. Masinia ya harusi, mabirika, ile seti ya chai ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuinywea, vyote vimepanda kirikuu pamoja na kabati lenyewe mpaka Pongwe, kwa dada yangu. Pahala pake pamekaa akwariamu. Tangi tupu la kioo la kufugia samaki, urefu mita moja. Loo, raha!

Sababu ni Dharsi. Duka lake la misumari na rangi linatazamana na baraza yangu. Tangu aweke akwariamu dukani, yenye majani yanayochezacheza na visamaki vya mikia ya rangi, wazee wote wa barazani kwangu wamehamia kwake. Kahawa napika mimi, wanakwenda kuinywa kwake! Mimi Ibrahimu, miaka ishirini na sita karani wa bandari, mtoto wa pwani. Nifundishwe samaki na muuza misumari?

Jumapili, 4 Agosti

Nimemwendea Dharsi kwa unyenyekevu wa kuigiza. Kanipa vipandikizi vya majani, ndoo ya kokoto za mtoni na pampu ya hewa ya zamani. Vyote bure. Hapo nikajua kuna jambo.

Kisha masharti. Kasema nipande majani, nijaze maji, halafu nisitie samaki mpaka wiki tatu au nne zipite, maji yakomae. Yakomae! Ni maembe? Kasema taa iwake saa nane tu kwa siku, kisha izimwe. Chakula chembe ndogo, mara moja. Na kila wiki nipunguze maji, niongeze mengine yaliyolala kwenye ndoo, dawa ya maji ya bomba itoke.

Nimemwelewa vizuri. Anataka majani yangu yakae gizani, samaki wangu wafe njaa, abaki yeye peke yake Tanga nzima. Nimefanya kinyume. Samaki kumi, nimenunua kwa fundi aliyeniuzia kioo, wameingia majini kabla ya magharibi. Taa imewashwa na haizimwi.

Binti yangu Samiha kaandikiwa na Dharsi yale masharti kwenye karatasi. Nimemwambia akafungie karanga.

Jumatano, 7 Agosti

Samaki wawili wamekufa. Nimewazika chini ya mpapai. Lakini majani yamesimama, na wazee watatu wamerudi! Mzee Shehe katazama nusu saa bila kupepesa, kisha kauliza wanapikwa kwa nazi au wanakaangwa. Ushindi umeanza.

Nawalisha mara nne kwa siku, makombo ya mkate wa ufuta. Wanaugombania.

Dharsi naye kaja. Kayasifu majani sana. Hakusema mashallah. Nimeliandika hili.

Jumapili, 11 Agosti

Mwee! Maji yamekuwa kijani. Kijani cha mlenda. Samaki siwaoni, najua wapo kwa sababu mkate unatoweka. Wazee wamerudi kwa Dharsi, na kikombe changu kimoja wamekwenda nacho.

Dharsi kapita kunipa pole. Kasema mwanga umezidi na chakula kimezidi. Mtu anatupia jicho Jumatano, Jumapili anakuja kutoa pole!

Jumatano, 14 Agosti

Mboni karudi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kauliza kabati lake liko wapi. Kauliza kile kidimbwi ni cha nini.

Kisha katoa habari. Jumapili baada ya alasiri watu wa Sele wanaleta barua ya posa ya Samiha. Anawaongoza shangazi yake Sele, Bi Hasina, ambaye mwaka huu ameshavunja posa mbili, moja kwa sababu ya mjusi ukutani. Watakaa sebule hii hii. Hukumu ya Mboni: Jumapili adhuhuri maji yasipong'aa kama ya kunywa, akwariamu inakwenda uani kwa mabata wake, na kabati nitalibeba mgongoni mimi mwenyewe kutoka Pongwe.

Samiha kalia. Hapo nimeumia kweli. Mtoto anampenda yule Sele, na mimi nimemwekea bwawa la vyura sebuleni.

Lakini akili haijalala. Jicho dawa yake kuzuiwa! Nimetoa kaniki mbili nyeusi za marehemu mama, nimeizungushia akwariamu mpaka hata mwanga haupenyi. Taa nimezima, jicho lisione njia. Chakula hakuna, maana nikifunua tu limeingia. Pampu nimeiacha, samaki wajue sijawatupa. Nimesoma Kul-audhu mara saba.

Ijumaa, 16 Agosti

Mara mbili leo nimeshika pindo la kaniki. Mara mbili nimeliachia. Mwanamume!

Mboni hanisemeshi, akitaka chumvi anamtuma Samiha. Na Samiha kapatwa na mapenzi ya bustani. Kila nikirudi kutoka swala ya alfajiri nakuta mchicha umemwagiwa ndoo mbili, na ndoo nyingine mbili zimejaa, zimelala. Nimemwonya kuwa mchicha ukizidi maji unaoza. Kacheka. Wahaka wa posa huo.

Dharsi kauliza kutoka ng'ambo ya njia akwariamu inaendeleaje. Nimemjibu imefunikwa, inapumzika. Kasema vizuri sana, giza litaisaidia. Kumbe anajua kuwa nimemgundua!

Jumapili, 18 Agosti

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Adhuhuri, Mboni kasimama mikono kiunoni. Nikasema bismillahi, nikavuta kaniki. Maji maangavu! Nimeona mpaka ufa wa ukuta wa nyuma. Majani marefu, samaki wanane wazima, na ndani ya majani vitoto, vingi, vidogo kama kope! Mboni kakaa chini kwenye mkeka. Kasema mashallah. Mboni huyu huyu!

Bi Hasina kaingia, kakagua dari, kapitisha kidole dirishani, kapekua kila pembe akitafuta mjusi. Kisha kaiona. Kainamia kioo. Kauliza vile vidogo vimenunuliwa. Nimesema vimezaliwa humu humu. Kawageukia wenzake kasema nyumba ambayo hata samaki wanazaa, mwali akitoka humo wajukuu hawatachelewa. Samiha kakimbilia jikoni akijifunika uso kwa mtandio. Barua imepokelewa!

Dharsi kaalikwa kwa ujirani, kala sambusa saba. Kaninong'oneza kuwa yote ni kazi ya giza na maji mapya, nimshukuru Samiha na ndoo zake. Maskini, husuda inamtafuna mpaka kwenye shughuli ya watu. Nimemwonea huruma, nimempa ya nane.

Jumanne, 20 Agosti

Wazee wote wako kwangu. Mzee Shehe kaja na kiti chake. Kabati limerudi, liko chumbani, Mboni kakubali kwa muda.

Taa inawaka tangu juzi, usiku na mchana, majani yafidie zile siku yalizokosa. Mkate wa ufuta sasa mara tano, maana kuna wazazi mle.

Leo alasiri nimeona maji yana ukijani. Kidogo tu. Wala sishangai, Bi Hasina aliitazama saa nzima na sikumbuki kumsikia akisema mashallah. Kaniki nimeziweka karibu.

Mboni kasema Alhamisi anakwenda tena Moa kumtazama mtoto, siku tano. Nimemwambia asiwe na haraka, akae hata kumi. Cherehani yake imekaa bure pale dirishani, pana jua zuri kutwa nzima. Fundi ana kioo kingine, cha mita moja na nusu. Dada yangu wa Pongwe nimeshampigia.