Kiti cha Katikati

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Mke wangu amekubali. Chumba cha marehemu baba yake kinageuzwa sinema ya nyumbani. Nimembembeleza wiki tano. Nimeosha vyombo bila kuambiwa, hata nikamsifia mama yake mapishi. Nimechoka kuwa mwema.

Lengo langu ni dogo tu. Jumamosi alasiri jirani yetu, Inchi Themanini, aingie, aketi, anyamaze. Jina hilo amelipata kwa televisheni yake. Ukimsalimia, anakujibu kwa ukubwa wake. Mimi nitakuwa na ukuta mzima!

Mke wangu ametoa sharti: kiti cha baba yake kisiondoke pale kilipo. Mzee alisimama miaka thelathini na moja katika jumba la sinema la mjini, akikata tiketi mlangoni na kuwaonyesha watu viti kwa tochi. Hakuwahi kuketi akaona filamu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila akitaka kuketi, kuna aliyechelewa anayegonga. Alisema akistaafu ataona moja nzima. Jumba likavunjwa kabla. Kwa hiyo kiti kikitoka, na sinema inatoka, na mama mkwe anapewa chumba aweke cherehani yake. Nikaapa. Kuapa hakuchoshi.

Niandike ukweli hapa, maana hapasomwi na mtu. Mimi na mzee hatukuiva chungu kimoja. Nilipokuwa kijana alinikamata nimenasa kwenye dirisha la choo cha jumba lile, nusu ndani nusu nje, bila tiketi. Tangu siku hiyo akaniita Dirisha. Hata siku ya harusi alinipa mkono mbele ya watu akasema, karibu, Dirisha.

Jumanne, 4 Juni

Nimechora ramani. Viti sita, safu mbili, ya nyuma imeinuliwa. Projekta darini. Fundi wa sauti amekuja na spika tano, na sura ya mtu aliyekwisha kuona vyumba vibovu vingi.

Akanieleza kwamba kila chumba kina mahali pamoja tu ambapo sauti zote zinakutana sawasawa. Anayeketi hapo ndiye mfalme, wengine wanasikia makombo. Akaanza kupatafuta. Kofi, hatua, kofi, hatua. Mwisho akasimama akasema ni hapa.

Hapo ndipo kilipo kiti cha mzee! Kiti cha mbao chakavu, mto umebonyea. Mzee alipapata bila kipimo chochote. Imeniuma sana.

Wakati wa kuondoka fundi akaomba nimpe shukrani zake mzee aliyemfungulia mlango. Nikamwambia aliyemfungulia ni mimi. Akasema hasemi mlango wa nje, anasema mlango wa chumba. Tukatazamana. Akakunja nyaya zake haraka, mmoja akausahau.

Jumatano, 5 Juni

Dirisha limezibwa kwa matofali. Kuta zimebandikwa sponji nene, juu yake pazia jekundu. Mlango ni mbao mbili na sponji katikati. Nimemfungia mke wangu ndani na sufuria mbili azigonganishe kwa nguvu zake zote. Nje sikusikia hata mchakacho. Kazi safi!

Saa sita mchana, yeye alipotoka kwenda sokoni, nikakitoa kiti. Nimekificha stoo, nyuma ya pipa, nikafunga, ufunguo mfukoni. Mahali pake nimeweka kiti changu cha ngozi chenye tundu la kuwekea glasi. Mke wangu nitamwambia kiti kimepelekwa kwa seremala, mto ubadilishwe. Ni mshangao. Uongo mzuri, una huruma ndani yake.

Mama mkwe alikuwa barazani anashona. Akaniuliza bila kuinua macho: sasa nani atamwambia? Nikauliza aambiwe nani. Akakata uzi kwa meno.

Alhamisi, 6 Juni

Saa tano asubuhi, jua linawaka nje, nimeingia kujaribu mitambo. Mlango ukajifunga. Giza lile la kuziba matundu yote ni giza kweli. Nilijiwekea mkono mbele ya uso nisiuone. Na kimya. Nilisikia mate yangu yakishuka kooni.

Kisha mwanga. Siyo ukutani. Sakafuni. Duara dogo kama sahani, la manjano, likitoka upande wa mlango. Likaja polepole katikati ya viti, likasimama kwenye viatu vyangu. Likangoja. Likapanda magotini, kifuani, usoni. Nikafumba macho. Nilipofumbua lilikuwa limehamia kiti cha mwisho kabisa, safu ya nyuma, kwenye kona, ambako mtu anaona robo ya skrini na mgongo wa spika. Likacheza pale mara mbili: huku, bwana. Huku.

Niliogopa. Nilitoka kwa magoti.

Nimempigia fundi. Anasema projekta haimuliki sakafu, na yeye kapata kazi mbali. Simu yake sasa haipatikani.

Nilipovua shati nimekuta mfukoni nusu ya tiketi. Karatasi nyembamba ya pinki, imechanwa vizuri katikati. Safu ya nyuma, kiti cha mwisho.

Ijumaa, 7 Juni

Nimelala, nimepata akili. Mwanga unatoka kwenye tochi, tochi inatumia betri. Basi!

Nimenyemelea chumbani kwa mama mkwe. Tochi ya mzee ipo kwenye droo, imefungwa kitambaa. Nikaifungua nitoe betri. Haina. Mama mkwe, ambaye sikujua kama amesimama nyuma yangu, akasema betri alizitia kwenye redio yake tangu mwaka jana. Nikamwambia nilikuwa natafuta sindano.

Kurudi sinemani, kiti cha mzee kipo katikati. Changu kipo kwenye kona. Stoo imefungwa, ufunguo ninao. Nikamshuku mama mkwe, lakini mama wa watu magoti yake hayapandi hata ngazi mbili. Cha mzee nikakirudisha stoo. Safari hii nimekifunga mguu kwa mnyororo wa baiskeli na kufuli, kwenye bomba la maji. Tuone.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe. Wageni: Inchi Themanini na mkewe, dada yangu, mke wangu, mama mkwe. Na mimi, sita. Viti sita, hesabu yangu haina kasoro. Asubuhi nimehakikisha kiti cha ngozi kipo katikati.

Saa tisa, wakiwa bado wamesimama mlangoni, nikazima taa, nikiwa na hotuba fupi. Sikuitoa. Duara lilikuwa limeshafika mlangoni.

Dada yangu akapiga kelele za furaha. Inchi Themanini akasema, lo, hili mimi sina! Mke wangu akanishika mkono gizani, akasema kwa sauti ya kukwama kwamba hakujua kama nina moyo wa kumkumbuka baba yake namna hii. Walidhani ni mtambo! Nikaguna kidogo, kama mtu mnyenyekevu.

Duara likamchukua mmoja mmoja hadi kitini. Halikuwa na haraka. Mama mkwe lilimngoja kila hatua, kwa magoti yake yale. Alipoketi akasema asante, kwa sauti ya mtu anayemjibu mtu.

Likanirudia mimi. Likapita katikati, na kwa sekunde moja likamulika kiti kilichopo. Si cha ngozi. Cha mbao. Mnyororo wa baiskeli unaning'inia mguuni, kufuli limefungwa.

Nikalifuata. Ningefanya nini mbele ya Inchi Themanini? Tukaenda safu ya nyuma, tukafika kwenye kona. Nikainama niketi. Halikusimama. Likaendelea mpaka mlangoni, likanimulika viatu, na hatua iliyofuata nilikuwa ukumbini, kwenye mwanga wa mchana, na mlango umejifunga nyuma yangu.

Kitasa kilizunguka tu mkononi. Nikagonga. Nikapiga ngumi. Nikapiga mateke. Nikaita majina yao wote. Humo ndani hawakusikia kitu, na mimi niliyebandika sikio mlangoni saa mbili nzima sikusikia hata mchakacho. Kazi safi.

Walipotoka, Inchi Themanini hakusema neno. Macho mekundu. Alinishika mkono, akaenda zake kimya, kimya kile nilichokitamani wiki tano, na sikuwepo kukiona kikitokea. Mke wangu alikuwa analia na kucheka. Akasema hakuna aliyegonga, safari hii hakuna aliyegonga, baba ameona mpaka mwisho. Akanivuta ndani nishike mto. Umebonyea. Una joto.

Akauliza mnyororo ni wa nini. Nikasema wa kuzuia wezi. Akauliza nilitoka kwa nini. Nikasema nilimwachia mzee nafasi. Akanikumbatia kwa nguvu kiasi kwamba karibu niseme ukweli. Nilijikaza.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Mzee alitaka filamu moja. Ameiona. Basi! Mahali pa mfalme pako wazi, na mimi ndiye niliyebandika sponji.

Mlango bado haunifungukii. Mke wangu unamfungukia, mama mkwe, hata paka. Mimi kitasa kinazunguka tu. Lakini chumba kilikuwa na dirisha.

Nimechukua patasi na nyundo. Mke wangu nimemwambia projekta inahitaji hewa. Kufikia saa nane nilikuwa nimetoa matofali tisa na kukata sponji. Nafasi ya kichwa na bega moja. Nikaingiza kichwa na bega.

Giza. Kimya. Nikangoja macho yazoee. Mwanga ukawaka katikati ya chumba, chini, kwa urefu wa mtu aliyeketi. Ukaja usoni kwangu taratibu, kama kazi ya kila siku. Na sauti haikuwa kubwa, lakini ilitoka pale zinapokutana zote, kwa hiyo niliisikia sawasawa hadi kwenye meno.

Karibu, Dirisha.

Nilinasa. Bega halikurudi mpaka mke wangu na mama mkwe waliponivuta miguu. Mama mkwe alikuwa anacheka kicheko ambacho sijamsikia nacho tangu msiba.

Sasa nimeketi juu ya ndoo uani, nimefungwa bandeji, naandika. Kosa nimeliona, na ni dogo. Dirishani ananijua. Darini hajawahi kunikamata hata siku moja. Nimeshapima: bati mbili tu. Kesho mke wangu akienda sokoni.