Kamati ya Kukoroga Vitufe

Ifahamike kwa umma wa Kilifi, na wasiofahamu wafahamishwe, kwamba Idara ya Ulinganifu wa Chembe imeamua: kuanzia sasa kila kitufe cha silika, ile asili ya mchanga na kioo, kitakuwa na ukubwa mmoja. Uamuzi huo aliutoa mkurugenzi, Bwana Zein, kabla hajaona kitufe hata kimoja. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya chumvi, vina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kujaza chujio la kisima cha kijijini Ganda, ambako watu hunywa maji yenye rangi ya chai pasi na majani wala sukari.

Mtengenezaji wa vitufe hivyo, Bi Widad, alikuwa na sharti. "Amonia ya kuvigandisha ipimwe, joto lisipande, na mkorogaji awe mmoja. Ni kama halwa, bwana. Mwiko hapewi kila mpita njia."

Bwana Zein alimwonea huruma. Mradi wa umma ukorogwe na mtu mmoja? Huo si ubaguzi? Papo hapo akaunda Kamati ya Ukorogaji Shirikishi. Naibu akakoroga mbio, maana ana mkutano. Mhasibu akakoroga polepole, maana kasi haikuwamo kwenye bajeti. Bwana Zein, mgeni rasmi, akaongeza amonia kwa mkono wake mtukufu, akakohoa mpaka kofia ikamdondoka, kisha akahutubia huku mwiko umesimama.

Vitufe vikatoka vya kila namna: vingine unga, vingine madonge kama mbaazi.

"Vidogo vitaziba nafasi baina ya vikubwa," alisema Widad, karibu alie. "Maji hayatapita! Watu wa Ganda nitawaambia nini?"

"Waambie viko sawa." Bwana Zein akatia sahihi waraka wa kuvitangaza sawa. Na kuwaziba midomo wenye kidomodomo, akaamuru chujio lenye vitufe hivyo lifungwe kwanza kwenye tangi la ofisi yake.

Ijumaa, akijitayarisha kwa swala, alikuwa msalani pale ofisini na sabuni uso mzima. Akafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza.

"Widad! Maji!"

"Yanakuja, bwana mkubwa," ilijibu sauti nje ya mlango. "Yanasoma waraka."

"Macho yananiwasha, wallahi!"

"Nani atakoroga vya Ganda?"

"Wewe! Peke yako! Kamati nimeivunja!"

Akapitishiwa kopo la maji ya Ganda. Akanawa kwa pupa, yakamchuruzikia kanzu nyeupe mpaka magotini.

Msikitini, rafiki yake Faki akashangaa. "Lo! Chai yote hiyo umemwagikiwa wapi?"

"Ganda," akasema Bwana Zein, mtu wa safu ya mbele kila Ijumaa, akaenda kukaa safu ya nyuma.